Mkono Uliozoea Kufungua Dripu

Mlinipa kanga, mkanipa saa ya ukutani, mkakata keki, halafu mkasema, "Sista Kikoti, tuandikie kidogo mambo ya zamani." Kidogo! Mtu amekaa thieta tangu msichana mpaka ameota mvi, mnataka kidogo. Haya. Niko hapa nyumbani Matogoro, mvua haijakatika tangu asubuhi, kuku wote wamejikunyata barazani, na redio imeisha betri. Kwa hiyo naandika. Sitaandika nilipanda cheo lini wala nani alinipita, maana hayo hayajawahi kumponya mgonjwa. Nitaandika jinsi hospitali yetu ilivyojifunza kuokoa mtu aliyepasukiwa na mshipa mkuu wa damu bila kumpasua tumbo. Ninyi mlioajiriwa juzi mmeikuta kazi hiyo inafanyika, mnadhani ilikuwepo siku zote.

Nilifika Songea kutoka Iringa nikiwa na begi moja na sweta moja, na sweta hilo liliniokoa kwa baridi ya mwezi wa saba. Mlangoni pa thieta nilimkuta mwanaume mrefu, kofia ya kijani imeshuka mpaka kwenye nyusi, anakagua mipira ya hewa mmoja mmoja kwa kuipuliza. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Iringa."

"Iringa ya mjini, au Mhehe kabisa?"

"Mhehe kabisa."

Akageuka akapaza sauti ndani: "Jamani, fungeni mbwa wenu! Mhehe amefika!"

Thieta nzima ikacheka. Nilikuwa mgeni na nimechoka na basi, ila kwetu nilikuwa nimefundwa. Wahehe na Wangoni ni watani, na sisi Wahehe tunasingiziwa kula mbwa. Babu zetu walipigana mpaka wakachoshana, wakatuachia sisi kutukanana bila kugombana. Mtani anakuambia analotaka na huruhusiwi kununa. Nikamjibu, "Sisi mbwa tunao, mzee. Wenu waliwashinda mbio mlipokuwa mnakimbia kutoka kusini." Akanitazama. Kisha akachukua begi langu akaliingiza ndani mwenyewe.

Huyo ndiye Mzee Gama, mtaalamu wa usingizi. Hakuwa daktari. Alikuwa muuguzi aliyesomea kumlaza mgonjwa, kumlinda wakati hajijui, na kumrudisha. Nusu ya watu waliowahi kupasuliwa mji huu walifumba macho wakimwona yeye, wakafumbua wakimwona yeye. Kila aliyejifunza kazi katika thieta ile, mimi nikiwamo, alipita mikononi mwake.

Siku hizo glavu hatukutupa. Tulizifua, tukaanika kwenye kamba chumba cha nyuma, zikikauka tunazijaza hewa kutafuta tundu, tunazipaka poda, zinarudi kazini. Sindano zilikuwa za kioo, zinachemka kwenye sufuria. Presha ilipimwa kwa kupampu na kusikiliza, na Gama alikuwa anaisikiliza huku mkono mwingine uko kwenye taya la mgonjwa na jicho liko kwenye rangi ya kucha zake. Leo mnasoma kila kitu kwenye skrini, na wengine wenu nimewaona, mgonjwa mwenyewe hamumtazami hata usoni. Msinune, mimi nimestaafu, naruhusiwa kusema.

Jambo alilotufundisha kuliko yote lilikuwa maji. Presha ikishuka, maji. Mama akivuja damu baada ya kujifungua, kanula kubwa za kuingiza maji mishipani mikono yote miwili na dripu wazi mpaka mwisho, kisha ndiyo uanze kutafuta damu. "Mhehe, fungua! Usiulize, fungua!" Sauti yake ilifika mkononi kabla ya kufika masikioni. Unakuta kidole gumba kimeshasukuma kile kigurudumu cha dripu juu na wewe hata hujageuka. Na aliokoa watu, nisije nikaeleweka vibaya. Ukipita Majengo siku ya soko kuna wanawake wanauza nyanya na dagaa ambao wasingekuwepo pale kama si maji ya Gama. Wengine wananiita kwa jina mpaka leo, wananiongezea nyanya moja juu.

Ila palikuwa na ugonjwa mmoja ambao ulikuwa unatushinda kila ulipokuja. Mshipa mkuu wa damu unatoka kwenye moyo unashuka nyuma ya tumbo, karibu na uti wa mgongo. Kwa baadhi ya watu, hasa wanaume wazee, wavutaji, na wenye presha ya kupanda, ukuta wake unachoka na kutuna taratibu, mtu mwenyewe hana habari. Siku unapopasuka anapata maumivu makali ya mgongo na tumbo, anazirai, na ukiweka kiganja juu ya kitovu unasikia kitu kinadunda.

Wa kwanza niliyemwona alikuwa mkulima wa tumbaku kutoka upande wa Namtumbo, aliletwa na wanawe nyuma ya pikapu. Alikuwa anaongea. Alimuuliza mkewe kama wamefunga banda la kukaushia. Presha ilikuwa chini, tukafanya tulichokijua: tukafungua maji. Akawa mweupe ghafla tukiwa bado tunampeleka mezani. Daktari wetu wa wakati ule alipasua tumbo haraka, na nilichokiona sitaki kukiandika hapa. Gama hakuacha kuning'iniza chupa mpaka daktari alipovua glavu. Baadaye nilimkuta amekaa kwenye ngazi za nyuma, kofia iko mapajani. Nilimletea chai, ikapoa hajaigusa.

Walikuja wengine, mmoja mmoja, miaka inapita. Tuliojaribu kuwapa rufaa ya Dar es Salaam, gari lilirudi na maiti kabla halijafika Makambako. Tukazoea. Hilo ndilo neno baya kuliko yote katika kazi yetu, lakini ni kweli tulizoea. Gama akastaafu, tukamuaga kwa ngoma na mchele, akaenda zake Ruhuwiko kulima mahindi na kugombana na jogoo wake. Kiti chake kikachukuliwa na Otmar, mwanafunzi wake aliyempenda kuliko wote, kijana wa Kimatengo asiyeongea ovyo, ambaye alimwita Gama "Baba" na Gama aliitika.

Ndipo akaja Dokta Rehema. Mtoto wa wakulima wa korosho wa Tunduru, mdogo wa umbo, ushungi ndani ya kofia ya thieta, sauti ya taratibu inayokulazimisha ukae kimya ili uisikie. Alikuwa amesomea mishipa ya damu. Wiki yake ya kwanza alituita kwenye mkutano, akatuamkia wazee wote mmoja mmoja, kisha akasema wale wa mshipa uliopasuka tutaanza kuwatibu hapa hapa Songea.

Akaeleza. Unatoboa kwenye kinena, pale paja linapokutana na tumbo. Unapitisha waya mwembamba ndani ya mshipa kwenda juu huku unautazama kwenye eksirei inayoonyesha picha wakati ule ule. Juu ya waya unapitisha bomba la kitambaa lililokunjwa. Likifika pale palipopasuka unalifungua, linatanuka, linashika pande zote, na damu inapita ndani ya bomba badala ya kumwagika tumboni. Mgonjwa halazwi usingizi. Anapigwa ganzi tu.

Nilinyoosha mkono. "Dokta, kwa umeme wetu huu?"

"Ndiyo maana naanza na umeme, mama," akasema.

Na kweli alianza nao. Alimfuata fundi kwenye chumba cha jenereta, akasimama naye na saa mkononi kuona inachukua muda gani kuwaka, akadai betri za kushikilia mashine isizime katikati. Fundi alininong'oneza kwamba huyu binti ana gubu. Nikamwambia avumilie, maana jenereta ile ilikuwa haijakaguliwa kwa adabu tangu inunuliwe.

Mashine ilipofika, ile yenye mkono uliopinda kama upinde, tuliipokea kwa vigelegele. Tukaisukuma thieta, tukamlaza dereva wetu mezani kwa majaribio, Rehema akawasha. Kwenye skrini tukaona chuma. Meza yetu ya siku zote, meza ya Gama, ilikuwa na nguzo ya chuma katikati, na picha yote ya tumbo ilikuwa nguzo. Vigelegele vikaisha. Tukasubiri meza nyingine ambayo eksirei inapita, na tulisubiri sana.

Halafu zikaja aproni za madini ya risasi za kutukinga na mionzi, nzito mpaka mabega yanakufa ganzi. Mama yetu wa usafi, mwanamke safi sijapata kuona, alizikuta zimening'inia ovyo. Akazifuta, akazikunja vizuri kama vitenge vya harusi, akazipanga kabatini moja juu ya nyingine. Aproni ya risasi ukiikunja inapasuka ndani na mionzi inapita kwenye ufa. Rehema alipofungua lile kabati alishika kichwa. Hakumgombeza. Aliipiga eksirei aproni moja, akamwonyesha nyufa kwenye skrini, na kuanzia siku hiyo daktari yeyote aliyethubutu kutupa aproni kwenye kiti alikiona cha moto kwa mama yule.

Mapokezi nao walifundishwa. Mzee yeyote mwenye maumivu ya mgongo na tumbo aliyezirai asipangishwe foleni, asiulizwe kadi, ultrasaundi hapo hapo, na simu ije thieta. Benki ya damu waambiwe. Ndugu wasimpe uji. Hapo palikuwa na vita kidogo, maana huku kwetu kumwona mgonjwa bila kumnywesha uji ni roho mbaya.

Lakini mashine haikuwa jambo gumu kuliko yote. Jambo gumu lilikuwa maji.

Rehema alitukusanya akachora kwenye ubao. "Mshipa ukipasuka nyuma ya tumbo," akasema, "damu inayotoka inaganda pale pale, inaziba tundu kwa muda. Presha ikiwa chini, lile donge linakaa. Ukimjazia maji, presha inapanda, donge linasukumwa, linang'oka, na mtu anakwisha mbele yako. Kwa hiyo huyu msimjaze. Kama anaongea na anajua yuko wapi, presha yake inamtosha. Mdomo wake ndio kipimo."

Otmar akasema polepole, "Dokta, tusifungue?"

"Msifungue mpaka nimwekee bomba."

Tulielewa wote. Kichwani. Kisha tukafanya mazoezi, na mgonjwa wetu wa mazoezi alikuwa gunia la mahindi lililofunikwa shuka, limefungwa kanula kwa plasta. Rehema alisimama pembeni akitaja presha: imeshuka, imeshuka zaidi, mgonjwa bado anaongea. Tukasukuma gunia, tukalipandisha mezani, tukawasha mashine, tukapongezana. Rehema akanyanyua shuka. Mahindi yalikuwa yanaelea. Dripu ilikuwa wazi mpaka mwisho na hakuna aliyejua nani ameifungua. Tukarudia. Mahindi yakalowa tena. Safari hii nilikuwa mimi, nilikikamata kidole gumba changu mwenyewe kwenye kigurudumu. Gunia lile lilisahauliwa kona ya stoo, na tulipokuja kulikumbuka lilikuwa limeota majani. Rehema akasema, "Mgonjwa alikufa, lakini ameacha watoto." Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia anatania.

Tulirudia mpaka gunia likabaki kavu. Mtaalamu alikuja kutoka Dar es Salaam tukafanya naye wagonjwa wa kupangwa, wale ambao mshipa umetuna na haujapasuka. Wakaenda nyumbani kwa miguu yao. Aliyepasukiwa hakuja. Tukawa tunaishi tukimsubiri, na mimi nikawa naomba kimoyomoyo asije zamu yangu.

Alikuja zamu yangu, asubuhi nyeupe, nimetoka tu kunywa chai. Simu ya mapokezi: "Sista, mzee ameanguka shambani. Mgongo, tumbo, amezirai mara moja. Ultrasaundi imeonyesha. Ni mshipa."

"Mzee gani?"

Yule binti alisita. "Mzee wenu. Mzee Gama."

Nilishika ukuta. Sioni aibu kusema. Kisha nikaenda kuosha mikono, kwa sababu hicho ndicho alichonifundisha kufanya.

Walimpitisha kwenye mashine ya CT, Rehema akachukua vipimo, akachagua bomba. Walipomwingiza thieta alikuwa wa kijivu, jasho linamtiririka, suruali ina udongo wa shamba magotini. Mkewe, Mama Gama, alikuwa amebaki mlangoni ameshika viatu vya mumewe. Gama alinitafuta kwa macho akanipata.

"Kamwene, Mhehe," akasema, akiniigiza salamu ya kwetu. "Kumbe hujastaafu."

"Nitastaafuje, mzee, na Wangoni bado mnaanguka mashambani?"

Rehema alinisogelea. "Mama, simama kichwani kwake. Mwongeleshe. Akianza kupotea niambie. Lakini usimchekeshe, tumbo lisikaze."

Nilidhani hiyo ndiyo kazi ngumu, kuongea na Gama bila kuchekeshana. Sikujua. Nilikuwa nimesahau kitu kimoja ambacho tulikisahau wote katika mazoezi yote yale: gunia la mahindi halisomi skrini. Gama alikuwa amelala pale, ganzi kinenani, macho wazi, na juu ya kichwa chake kulikuwa na skrini ya presha. Alikuwa amesoma namba hizo maisha yake yote. Akaziona.

"Otmar," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, ila ilikuwa ile ile. "Presha hiyo unaiona?"

"Naiona, Baba."

"Sasa unangoja nini? Fungua maji."

"Baba, tunasubiri kidogo. Dokta anaweka bomba."

"Mimi nimekufundisha kusubiri? Fungua!"

Na mkono wa Otmar ukaenda. Niliuona. Uso wake ulikuwa unakataa, macho yanamtazama Rehema, na mkono unakwenda zake kwenye kigurudumu. Msimcheke. Katika chumba kile hakukuwa na mtu aliyewahi kumwambia Gama hapana. Mhudumu wa mashine, muuguzi aliyekuwa anampa Rehema waya, wote walikuwa wamelelewa na sauti hiyo, na mkono wangu ulikuwa umeshanyanyuka pia. Rehema alikuwa ameinama na waya mkononi, asingeweza kuuachia. Niliweka kiganja changu juu ya mkono wa Otmar nikaubana kwenye kile chuma cha kutundikia dripu.

"Mngoni, acha kelele," nikasema. "Leo hapa wewe ni mgonjwa. Wagonjwa hawapangi kazi."

Nilimsikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi.

"Mhehe unaniua," Gama akasema.

"Nikuue nipate nini? Ukifa nitakuja matangani kama mtani, nichukue kiti chako cha uvivu na yule jogoo wako, nitoke navyo mchana kweupe na hakuna wa kunizuia."

"Jogoo humpati."

"Anaitwa nani?"

"Humpati, nimesema."

"Nimeuliza jina lake."

"Meneja." Akameza mate. "Kwa sababu hafanyi kazi."

Kinywa chake kilikuwa kinafanya kazi, kichwa chake kilikuwa kinafanya kazi. Rehema hakuinua macho, ila alitikisa kichwa kidogo: endelea. Nikaendelea. Nikamuuliza shamba limepandwa nini, nani anamwibia mahindi, kwa nini Wangoni walichagua kukaa mahali penye baridi namna hii. Alinijibu kila kitu kwa matusi mafupi mafupi. Namba kwenye skrini zilikuwa mbaya. Niliacha kuzitazama.

Halafu akaacha matusi. Aliushika mkono wangu, vidole vyake vilikuwa baridi kama vya mtu aliyetoka mtoni.

"Mtani," akasema, "huu si utani tena. Naomba. Naomba maji. Ninaona giza pembeni. Mimi najua hii kitu, nimewaona watu. Nifungulie."

Miaka yote ile hakuwahi kuniomba kitu. Aliagiza, akatania, akagomba, hakuomba. Machozi yalinitoka yakaingia ndani ya barakoa. Nilitaka kumfungulia kuliko nilivyotaka kitu chochote maishani mwangu, na kama si mahindi yale yote tuliyoyalowesha mbele ya Rehema, ningefungua.

"Mimi nani?" nikamuuliza.

"Mhehe."

"Tuko wapi?"

"Thieta. Kwangu."

"Basi yanatosha uliyonayo," nikasema. "Sikupi."

Alinitazama. Sitaieleza ile sura. Kisha aliuachia mkono wangu mwenyewe, akageuza uso upande wa pili, na alipomaliza kugeuza nikaona midomo imelegea.

"Mngoni. Mngoni! Dokta, amenyamaza."

"Puto limefika," Rehema akasema. Alikuwa amepitisha puto dogo ndani ya mshipa juu ya pale palipopasuka. Akalijaza ili lizibe njia. "Otmar, chupa moja ya damu, polepole. Maji bado." Otmar akafanya alichoambiwa. Bomba likapanda kwenye skrini, jembamba, likasimama. Rehema akasema "Bismillah" akalifungua. Likatanuka. Akapiga dawa ya rangi, na tukaiona inashuka ndani ya bomba, imenyooka, haivuji pembeni.

"Sasa," akasema. "Sasa mpeni."

Otmar akafungua dripu huku analia waziwazi, mtu mzima yule. Presha ikapanda, na safari hii kupanda kulikuwa kuzuri. Baada ya muda Gama akafumbua macho, akaitazama dari ya thieta yake, akanitazama mimi, akayafumba tena.

Aliishi. Lakini hakuongea na mimi. Nilikwenda wodini kila nilipomaliza zamu, nikamwamkia, akaitika marahaba kwa ukuta. Mama Gama alikuwa ananishika mkono na kunisindikiza mlangoni, ananiambia nimvumilie, ni ugonjwa. Haukuwa ugonjwa. Iliniuma sana, sitaki kujifanya. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba nimemwokoa mtu nimempoteza.

Otmar ndiye aliyekuja kuniita. "Baba anakutaka." Nilimkuta ameketi kitandani, miguu chini, amevaa sweta. Mama Gama alitoka na chupa ya chai akatuachia nafasi.

"Kaa," akasema.

Nikakaa.

"Rehema amenichorea ule mshipa. Otmar amenieleza. Nimeelewa, mimi si mjinga." Alikuwa anatazama viganja vyake. "Ungekuwa umelala wewe pale, na mimi nimesimama ulipokuwa umesimama, ningefungua."

"Najua, mzee."

"Ungekufa."

"Najua."

Nje watu wa zamu ya mchana walikuwa wanapishana, wanacheka. Nilidhani amemaliza, nikataka kuaga.

"Nalala hapa nawakumbuka," akasema. "Wale wengine wa ugonjwa huu. Walikuja wanaongea. Niliwafungulia mimi, kwa mkono huu, wakanyamaza. Siku zote nilidhani nimechelewa." Akanyanyua macho. "Mhehe, niliwasukuma mimi?"

Nilitafuta utani, nikakosa. Nikamwambia ukweli kama ninavyoujua. Kwamba hatukuwa na bomba, wala waya, wala mashine, wala mtu aliyesomea. Kwamba kwa maji wangekufa pale mezani, na bila maji wangekufa njiani kabla ya Makambako. Kwamba hakukuwa na mlango wa tatu.

"Unanidanganya?"

"Mtani ndiye anayekudanganya, mzee. Leo sijaja kama mtani."

Akalia. Sikuwahi kumwona Gama analia, na sikujua niweke wapi mikono yangu, nikaiweka juu ya mgongo wake, nikakaa naye hivyo hivyo mpaka alipojifuta kwa mkono wa sweta.

"Wewe bado unawafundisha hawa watoto?" akauliza.

"Nawafundisha."

"Basi hili wafundishe. Wafundishe wasifungue." Akavuta pumzi. "Lakini usije ukawaambia Gama hakujua kazi. Waambie Gama alikuwa na maji tu."

Nimewaambieni.